Kuipanga hatua inayofuata ya kazi mapema: uongozi wa idara au utaalamu mwingine?

Afisa Ugavi:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninafanya kazi katika idara ya ugavi ya kampuni ya ukubwa wa kati, na nimekaa humo muda wa kutosha kuzipitia karibu kazi zote za idara hiyo, kuanzia kuandaa nyaraka za zabuni na kulinganisha bei za wazabuni hadi kufuatilia mzigo mpaka uingie bohari na kuhakikisha kwamba kilichopokelewa kinalingana na ankara iliyoletwa. Sina ugomvi na mtu kazini, mkataba wangu hauko hatarini kwa sasa, na mkuu wangu ananiamini. Ninalileta swali hili mapema kwa makusudi, kwa sababu nimeona wenzangu kadhaa wakianza kufikiria kazi nyingine siku walipokabidhiwa barua ya kupunguzwa, wakati ambapo mtu hana tena nafasi ya kuchagua na hukubali chochote kinachojitokeza.

Mambo mawili yamenisukuma. La kwanza ni kwamba mkuu wa idara yetu anakaribia kustaafu, na jina langu limeanza kutajwa miongoni mwa wanaoweza kushika nafasi yake. La pili ni kwamba kampuni imeleta mfumo mpya wa kompyuta unaofanya sehemu kubwa ya kazi tuliyokuwa tukiifanya kwa mkono: maombi ya manunuzi yanaidhinishwa humo, oda zinatoka humo, na hali ya bohari inaonekana papo hapo. Katika kuutumia mfumo huo nimegundua kwamba ninachokifurahia zaidi ni kuzichambua takwimu zake, kwa mfano kutafuta ni kwa nini msambazaji fulani huchelewa kila inapofika robo ya mwisho ya mwaka, au ni bidhaa zipi tunaziagiza kupita kiasi na kuziacha zilale. Kwa hiyo ninaziona njia mbili mbele yangu, uongozi wa idara na uchambuzi wa takwimu, na kila moja inadai maandalizi ambayo nyingine haiyadai.

Ninaomba mawazo ya watu waliokwisha kulipitia jambo hili, na hasa ya wale wanaoajiri. Je, ni busara kupanga kwa umbali gani: mwaka mmoja, mitatu au mitano? Mtu hujipimaje kama anafaa kuongoza watu kabla hajapewa cheo hicho? Tena, anawezaje kujiandaa bila kujificha, na bila mwajiri wake kudhani kwamba moyo wake umeshaondoka?


Msaili:

Ndugu Afisa Ugavi, nimekaa kwenye kamati za usaili kwa miaka mingi, na ningependa kuanza na swali lako la pili kwa kuwa ndilo linaloyaamua mengine. Watu wengi hupanga kupata cheo bila kuichunguza kazi iliyomo ndani ya cheo hicho. Ukuu wa idara unasikika kama mwendelezo wa kazi unayoifanya sasa, ilhali ni kazi nyingine kabisa. Ukimfuatilia mkuu wako kwa wiki nzima utaona kwamba muda wake mwingi hauendi kwenye zabuni. Unaenda kwenye bajeti, kwenye kujibu hoja za wakaguzi, kwenye ratiba za likizo, kwenye kusuluhisha watumishi wawili wasioelewana, na kwenye kumweleza mkurugenzi kwa nini kitu fulani hakijafika. Mtu anayependa kukaa na takwimu mpaka zimpe jibu anaweza kuzikosa sana saa hizo za utulivu akishakuwa mkuu.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1969 Laurence Peter alieleza kwamba katika taasisi zenye ngazi, watu huendelea kupandishwa kwa sababu wanaifanya vizuri kazi waliyonayo, hadi wafike kwenye nafasi wasiyoimudu. Kwa muda mrefu hoja hiyo ilichukuliwa kama utani wenye ukweli kidogo. Kisha mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za wauzaji katika kampuni 131, wakaona kwamba wauzaji hodari ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanywa mameneja, na kwamba uhodari huo wa kuuza uliambatana na kushuka kwa mauzo ya watu waliowekwa chini yao. Sisemi kwamba mtaalamu mzuri hawezi kuwa kiongozi mzuri, maana ninawafahamu walio hivyo na ninawaheshimu. Ninachosema ni kwamba ubora wako katika zabuni hautoshi kuwa ushahidi, si kwa mwajiri wako wala kwako mwenyewe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kukaimu. Mkuu wako akienda likizo, omba ukaimu nafasi yake, na uombe mamlaka kamili ya kipindi hicho yaandikwe, ili usiwe mtu wa kupokea simu tu huku maamuzi yote yakimsubiri mwenyewe arudi. Kama hilo halijawezekana bado, yapo majukumu madogo yanayofunua tabia ileile: kumlea mwajiriwa mpya kwa miezi yake ya mwanzo, kuongoza timu inayohesabu mali ya bohari mwisho wa mwaka, au kuendesha kikao cha tathmini ya wazabuni ambamo watu hawakubaliani. Baada ya kila jukumu la namna hiyo, angalia ni jambo lipi ulilokuwa ukiliahirisha kila siku na ni lipi ulilolikimbilia. Kama kuzungumza na mtu aliyezembea ndiko ulikokuahirisha mpaka mwisho, unajua sasa ni wapi pa kujifunzia, au unajua kwamba njia hiyo si yako.

Kuhusu maandalizi yenyewe, kusanya matangazo ya kazi ya nafasi unayoifikiria, mengi kiasi cha kukuonyesha mambo yanayojirudia, na uyasome kwa kalamu mkononi. Tenganisha masharti ambayo bila hayo jina lako halifiki hatua ya usaili na sifa za ziada ambazo mwajiri anazitamani tu. Katika taaluma yako, kwa mfano, matangazo mengi ya ngazi za juu hutaja vyeti vya kitaaluma kama vile vya CIPS, taasisi ya kitaaluma ya manunuzi na ugavi yenye makao Uingereza, na kuvipata kwa hatua zake zote ni kazi ya miaka, hivyo anayeanza kuvifikiria baada ya nafasi kutangazwa huwa amechelewa. Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la umbali wa mpango: pima kwa kile kinachochukua muda mrefu zaidi kukipata, kisha rudi nyuma kutoka hapo.

Jambo la mwisho, na ninalisema kwa msisitizo kwa sababu ninaumia ninapoona watu wazuri wakilikosa: weka kumbukumbu za kazi yako kuanzia sasa. Kwenye usaili watu husema "nilihusika na manunuzi" au "nilishiriki kuboresha utaratibu", na kamati haina namna ya kutoa alama kwa maneno hayo. Andika tatizo lilikuwa nini, wewe mwenyewe ulifanya nini, na kilichobadilika ni nini kwa kipimo kinachohesabika, kama vile muda kutoka ombi la manunuzi hadi oda kutoka, kabla na baada. Miaka miwili baadaye hutayakumbuka mambo haya, na huenda wakati huo usiwe na ruhusa ya kuufungua mfumo ukayatafuta.


Mchambuzi wa Takwimu:

Ninaafiki mengi aliyoyaeleza Msaili, hasa kuhusu kumbukumbu. Mimi nilitoka kwenye uhasibu nikaingia kwenye uchambuzi wa takwimu, kwa hiyo nitaizungumzia njia yako ya pili, na nitaanza na jambo ambalo naona limepuuzwa: njia zako mbili hazijaachana kama unavyodhani.

Mchumi Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1992, alitofautisha aina mbili za ujuzi ambao mtu huupata kazini. Upo ujuzi wa jumla, unaomfaa mwajiri yeyote, na upo ujuzi mahususi, ambao thamani yake iko ndani ya kampuni moja tu. Chukua karatasi uyagawe unayoyajua kwa kipimo hicho. Kujua ni nani wa kumpigia simu ili idhini itoke haraka, kujua mabadiliko yote yaliyofanywa katika fomu za kampuni yenu, kujua vitufe vya mfumo wenu, huo wote ni ujuzi mahususi, na siku ukitoka mlangoni unabaki huko. Kusoma mkataba wa zabuni, kujadiliana bei, kukokotoa kiwango cha chini cha bidhaa kinachotakiwa kubaki bohari kabla ya kuagiza tena, kuandika ripoti inayoeleweka na asiye mtaalamu, hayo unaondoka nayo. Mtu aliyekaa mahali pamoja kwa muda mrefu hushangaa kuona jinsi upande wa kwanza ulivyojaa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya uongozi na takwimu, elekeza nguvu kwenye yale yanayofaa kotekote. Mkuu wa idara wa miaka ijayo atahitaji kuzielewa takwimu, na mchambuzi wa takwimu za ugavi atahitaji kusimama mbele ya wakurugenzi na kuwashawishi.

Pili, usianze na vyeti. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na hamu ya kila mtu, kwa kuwa cheti kinaonekana na kinatundikwa ukutani. Katika fani hii, lakini, anayeajiri hutaka kuona swali ulilolijibu. Tayari unalo moja zuri sana, lile la msambazaji anayechelewa kila robo ya mwisho. Omba ruhusa ya mkuu wako, toa takwimu za oda na za mapokezi, zisafishe, tafuta kama tatizo ni msambazaji mwenyewe au ni ninyi wanunuzi mnaoagiza wote kwa mkupuo mwaka wa bajeti unapokaribia kwisha, kisha andika kurasa chache zenye pendekezo. Excel inatosha kwa kuanzia. SQL, lugha ya kompyuta ya kuchota takwimu kutoka kwenye hifadhidata, ijifunze pale utakapoona jedwali limekuwa kubwa kiasi cha kukukwamisha. Ukiimaliza kazi hiyo utakuwa umepata mambo matatu kwa pamoja: umeisaidia kampuni, umejua kama unaipenda kweli kazi hii hata katika sehemu yake ya kuchosha ya kusafisha takwimu, na umepata kitu cha kuzungumzia kwenye usaili. Angalizo ni kwamba takwimu hizo ni mali ya mwajiri na zina siri za wazabuni, kwa hiyo usizitoe nje wala kuzipeleka nyumbani. Ukitaka mfano wa kuwaonyesha watu wengine, rudia mbinu zilezile kwa takwimu zilizo wazi kwa umma.

Kuhusu muda, jihadhari na ratiba yako mwenyewe. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba watu hukadiria kazi zao zitachukua muda mfupi kuliko zinavyochukua, hata wanapokumbuka kwamba zilizotangulia zilichelewa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walikadiria kwa wastani kumaliza kwa siku 33.9, na ikawachukua siku 55.5. Nao walikuwa wanafunzi, wasio na zabuni za kufungua asubuhi. Mtu anayesoma jioni baada ya kazi na aongeze nusu ya muda aliokadiria kabla hajamtajia mtu tarehe yoyote.

Tatu ni fedha, na hapa sina maneno ya kupamba. Anayebadili fani mara nyingi huingia kwenye fani mpya katika ngazi ya chini kuliko aliyoiacha, na mshahara wake unaweza kushuka kwa muda. Jaribu kuishi sasa, ukiwa bado kazini, kwa mshahara unaoutarajia huko, na tofauti iwe akiba. Zoezi hilo litakuambia mapema kama nyumba yako inaweza kubeba mabadiliko hayo, tena litakuachia fedha za kukuvusha. Wala usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya mdomo. Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Usome pia mkataba wako wa sasa mapema, kabla hujawa na haraka: muda wa notisi, kipengele chochote kinachokuzuia kufanya kazi kwa mshindani, na sharti la kurejesha gharama za masomo kama mwajiri aliwahi kukulipia. Vipengele hivyo vinaweza kubadilisha tarehe zako zote.


Mdau Mwingine:

Nimesoma majibu yote mawili kwa makini, nami ninatofautiana nayo mahali pamoja. Yote yanachukulia kwamba kazi utakayoifanya miaka mitano ijayo inajulikana tayari, na kwamba kilichobaki ni kuifuata. Matangazo ya kazi ambayo Msaili anakushauri uyakusanye yanaeleza mahitaji ya waajiri wa leo, na mengine yameandikwa kwa kunakiliwa kutoka kwenye tangazo la mtu aliyetangulia. Wewe mwenyewe umeeleza jinsi mfumo mmoja wa kompyuta ulivyoibadilisha idara nzima. Nani angeliona hilo kwenye tangazo?

John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake Kathleen Mitchell na Al Levin, waliandika mwaka 1999 kwamba matukio yasiyopangwa yana nafasi kubwa katika maisha ya kazi ya watu, na kwamba mshauri mwema humfundisha mtu kuyatengenezea mazingira na kuyatumia, kuliko kumshinikiza achague jina la kazi mapema. Walitaja mambo matano ya kujizoesha: udadisi, uvumilivu, kubadilika, kuwa na matumaini, na kuthubutu pale matokeo yasipojulikana. Mimi ninauona huo kuwa mpango kamili, ingawa hauna cheo ndani yake. Kwa mtu aliye katika hali yako ningependekeza mpango ulio wazi kwa mwaka mmoja na uelekeo tu kwa miaka inayofuata.

Lipo jambo ambalo hakuna aliyeligusa hadi sasa, nalo ni watu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa Marekani waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakikutana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walikuwa wakikutana naye kwa nadra ya wastani, na asilimia 27.8 karibu hawakuwa wakionana naye kabisa. Sababu yake inaeleweka ukiitafakari: rafiki wa karibu anayajua yaleyale unayoyajua wewe, kwa kuwa mnakaa pamoja na mnasikia habari zilezile, ilhali mtu mliyesoma naye zamani, au msambazaji aliyehamia kampuni nyingine, anasikia habari za mahali usipofika. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majaribio yaliyofanywa kwenye mtandao wa LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20 katika kipindi cha miaka mitano, nao uliiunga mkono hoja hiyo kwa marekebisho muhimu: waliosaidia zaidi ni wale wenye ukaribu mdogo wa kiasi, maana mtu asiyekufahamu kabisa naye hana msukumo wa kukusaidia.

Afisa ugavi ana utajiri mkubwa wa watu wa namna hiyo, wasambazaji, mawakala wa forodha, wakaguzi, wasafirishaji, na kwa kawaida huwasiliana nao panapokuwa na mzigo uliokwama tu. Watafute pia pasipo na tatizo. Waulize kazi zao zinakwenda wapi, wanakwama wapi, ni mtu wa ujuzi gani wanayemtafuta bila kumpata. Usiwaombe kazi katika mazungumzo hayo, na kwa kuwa wewe ni mtu wa manunuzi, usikubali fadhila yoyote kutoka kwa mzabuni anayeshindania zabuni mnayoisimamia. Jina safi katika taaluma yako ni sharti la kila hatua itakayofuata, na likichafuka hakuna cheti kinachoweza kulisafisha.

Na familia iwemo kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Mwenzi wako, wazazi wanaokutegemea, watoto walio shuleni, wote hao watabeba sehemu ya jioni unazozitoa kwa masomo na ya mshahara utakaoshuka. Nimeona mipango mizuri sana ikianguka kwa sababu mwenye mpango aliitangaza nyumbani siku ya kuanza kuitekeleza.


Msaili:

Mdau, ninakubaliana nawe kuhusu matangazo kwa kiasi fulani, hasa kuhusu yale yaliyonakiliwa. Hata hivyo, uelekeo usio na tarehe huahirishwa bila mwenyewe kutambua, na mtu mwenye kazi nyingi za kila siku ndiye anayeahirisha zaidi. Basi mwaka mmoja ulio wazi uwe na siku mbili au tatu zilizowekwa kabisa kwenye kalenda, za kukaa peke yako, kulisoma daftari la kumbukumbu, na kujiuliza kama bado unataka kile ulichokitaka. Kubadilisha mpango siku hiyo ni halali kabisa.


Afisa Ugavi:

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote, kwa kuwa mmelichukua swali langu kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Nimeyagawa ninayoyajua kama alivyoelekeza Mchambuzi, na ni kweli kwamba upande wa mambo yanayofaa ndani ya kampuni yetu pekee umejaa kuliko nilivyodhani. Nimeamua kuanza na ile kazi ya msambazaji anayechelewa, na kuomba kukaimu itakapofika likizo ya mkuu wangu, ili nizipime njia zote mbili katika kipindi kimoja.

Limebaki swali langu la tatu. Nikimwendea mkuu wangu na maombi hayo mawili kwa pamoja, ninahofia atasikia kwamba ninataka kiti chake au kwamba ninataka kuondoka, na sipendi asikie lolote kati ya hayo. Nimwambie nini, na kwa kiasi gani?


Kiongozi wa Timu:

Ndugu yangu, ninaongoza idara kama ya mkuu wako, ingawa katika fani nyingine, na mazungumzo kama hayo nimekuwa nikiyapokea kutoka kwa walio chini yangu. Nitakueleza yanavyosikika kwa aliyekaa upande wa pili wa meza.

Yapo mazungumzo mawili tofauti, nayo yasichanganywe. La kwanza ni la kukua kazini, na hilo una haki ya kulileta wakati wowote, hasa wakati wa tathmini ya utendaji kazi. La pili ni la kuondoka, na hilo huletwa pale tu uamuzi umeshafanyika na mkataba mpya umeshasainiwa. Wewe hujafika kwenye la pili, na hujui kama utafika, kwa hiyo hudanganyi unapolizungumza la kwanza peke yake. Anayemfunulia mkuu wake kila wazo linalompitia humtwika mzigo wa siri asiyoihitaji, na kama kampuni italazimika kupunguza watu, jina la aliyesema kwamba huenda akaondoka huwa la kwanza kukumbukwa.

Anza na haja ya idara, kisha ndipo useme unachokiomba. Unaweza kumwambia hivi: "Mkuu, nimekuwa nikifuatilia ucheleweshaji wa robo ya mwisho, na nadhani takwimu za mfumo mpya zinaweza kutuonyesha chanzo chake. Naomba idhini yako nitenge saa chache kila wiki kwa kazi hiyo, na nitakuletea matokeo wewe kwanza kabla hayajaenda popote." Ombi la kukaimu lilete siku nyingine, baada ya matokeo ya awali kuonekana, na ulieleze kama hitaji la kujifunza: kwamba ungependa kuielewa bajeti na hoja za ukaguzi kwa kuzifanya, chini ya maelekezo yake. Mkuu anayekaribia kustaafu kwa kawaida anatamani kuacha idara ikiwa mikononi mwa mtu aliyemfundisha mwenyewe, na ombi la namna hiyo humpa heshima hiyo.

Ikiwa mkuu wako ni mtu wa kulipiza kisasi kwa yeyote anayeonyesha hamu ya kupanda, punguza maneno na utafute mlezi wa kitaaluma nje ya idara. Kwa jinsi ulivyomweleza, lakini, sioni dalili hiyo. Vyovyote itakavyokuwa, masomo yako na mawasiliano yako ya kutafuta kazi yasipitie kwenye kompyuta wala barua pepe ya ofisi, maana vyombo hivyo ni vya mwajiri na ana uwezo wa kuviona.

Kuna kazi moja zaidi ambayo ningekuomba uianze sambamba na hizo. Andika taratibu za kazi yako, hatua kwa hatua, kwa namna ambayo mwenzako anaweza kuzifuata ukiwa haupo, kisha mfundishe mmoja wao. Wapo wanaoficha ujuzi wao wakiamini kwamba kutokuwa na mbadala kunawalinda. Mimi ninapokaa kupendekeza majina ya kupandishwa, swali la kwanza ninaloulizwa na wakuu wangu ni nani ataifanya kazi ya mtu huyo kesho yake, na kama sina jibu, jina hilo hurudi chini. Maelezo hayohayo yatakuwa hati yako ya makabidhiano endapo utahamia kwenye takwimu, yatakupa nafasi ya kukaimu bila kazi yako ya sasa kulala, na yatamwonyesha mkuu wako kwamba unaijali idara hata pale usipokuwepo.

Kabla ya likizo yake, mwombe barua inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza kukaimu, kiwango cha manunuzi unachoruhusiwa kuidhinisha, na mambo ambayo lazima yamfikie mkurugenzi. Nakala iende idara ya rasilimali watu ili iingie kwenye faili lako. Akirudi, omba nusu saa ya kupitia naye maamuzi uliyoyafanya, moja baada ya jingine, na uyaandike atakayokuambia siku hiyohiyo.